Benki yetu ya wananchi inaniomba nisitoe kiinua mgongo changu: nitajuaje kama ni salama?

SWALI

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 63, na ninaishi katika mji mdogo wa wilaya ambao mzunguko wake wa fedha unategemea mahindi na mishahara ya watumishi wa Serikali. Hapa kwetu kuna benki ndogo ya wananchi yenye tawi moja na vituo viwili vijijini. Ilipoanzishwa nilikuwa miongoni mwa waliozunguka shuleni kuwashawishi walimu wenzao wanunue hisa, na mimi mwenyewe nilinunua hisa za Shilingi milioni 2. Siwezi kusahau kwamba benki hiyo ndiyo iliyonikopesha fedha za kuezekea nyumba yangu wakati benki kubwa ziliponiambia kwamba kiwanja changu hakina hati.

Nilipolipwa kiinua mgongo niliweka huko Shilingi milioni 38 kama amana ya muda maalumu kwa riba ya asilimia 11 kwa mwaka. Mbali na hiyo nina Shilingi milioni 2.6 katika akaunti ya akiba inayopokea pensheni yangu ya kila mwezi. Vilevile mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha kuzikana, ambacho kina Shilingi milioni 11.4 katika benki hiyohiyo.

Amana yangu inaiva tarehe 14 ya mwezi ujao. Wiki mbili zilizopita meneja, ambaye ni wa tatu katika miaka miwili, alinifuata nyumbani akaniomba nisitoe fedha hizo, bali niziache kwa miaka miwili zaidi kwa riba ya asilimia 14.5. Benki mbili kubwa nilizozitembelea zilinitajia asilimia 9. Mwanzoni nilifurahi, lakini baadaye nikaanza kujiuliza. Tangu mwezi Februari mtu anayetaka kutoa zaidi ya Shilingi milioni 3 huambiwa atoe taarifa siku mbili kabla, na sokoni watu wameanza kunong'ona. Nilipomuuliza meneja, alinijibu kwamba benki ina leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, kwamba amana zetu zina bima, na kwamba fedha za wanahisa ni karibu asilimia 15 ya mali zote ilhali sheria inataka 10 tu.

Nimekata gazetini taarifa ya fedha ya robo mwaka. Kwa mamilioni ya Shilingi inasema hivi: jumla ya mali ni 14,200, fedha taslimu pamoja na salio lililoko Benki Kuu 620, salio katika benki nyingine 910, dhamana za Serikali 400, mikopo 10,300 baada ya kuondoa tengo la hasara la 400, amana za wateja 10,900, ambazo mwaka jana wakati kama huu zilikuwa 11,600, fedha za wanahisa 2,120, hasara ya robo hiyo 85. Chini kabisa imeandikwa kwamba mikopo chechefu ni asilimia 14 ya mikopo yote, na mwaka jana ilikuwa 6.

Binamu yangu alikuwa na fedha katika moja ya benki tano zilizofungwa Januari 2018, naye ananihimiza nikatoe kila kitu kesho asubuhi. Mimi nahofia kwamba nikitoa nitakuwa nimesaidia kuiua benki niliyoijenga, kwa sababu hapa mjini watu wananitazama, na Mwalimu akitoa wengine watamfuata. Tafadhali nifundishe kuisoma taarifa hii, kisha uniambie ungefanya nini.

Mwalimu Mstaafu

JIBU

Shikamoo Mwalimu,

Nakujibu kwanza lile linalokubana kwa tarehe: usiongeze muda wa amana hiyo. Itakapoiva tarehe 14, iagize benki kwa maandishi ihamishie sehemu kubwa ya fedha hizo kwenye akaunti yako katika benki nyingine, na ubakize kiasi nitakachokitaja hapo chini. Sisemi kwamba benki yenu itafungwa, kwa maana hilo haliamuliwi na kipande kimoja cha gazeti. Ninachosema ni kwamba tarakimu ulizoniandikia zinaonyesha benki ambayo haina tena nafasi ya kukosea, na mstaafu hapaswi kuweka mali ya maisha yake yote mahali pa namna hiyo, hata kama anapapenda.

Tuanze na ile asilimia 15, kwa kuwa ndiyo iliyokutuliza, nayo ni kweli. Ukigawa 2,120 kwa 14,200 unapata asilimia 14.9, na benki kubwa nyingi zingefurahi kuonyesha uwiano huo. Sheria nayo inataka mtaji wa msingi, yaani hasa fedha za hisa zilizolipiwa na faida iliyolimbikizwa, usiopungua asilimia 10 ya mali zilizopimwa kwa hatari yake, na mtaji wote usiopungua asilimia 12. Kwa kipimo hicho benki yenu inaonekana imesimama imara. Hata hivyo, uwiano huo unachukulia kwamba mikopo ya 10,300 iliyoandikwa kwenye mizania, yaani orodha ya mali na madeni ya benki, italipwa, na hapo ndipo pa kuanzia kusoma taarifa ya benki yoyote ndogo. Mali kubwa ya benki ni ahadi za wakopaji, kwa hiyo mtaji wake ni wa kuaminika kwa kiasi kilekile ambacho ahadi hizo zinaaminika.

Chukua kalamu tuhesabu pamoja. Mikopo 10,300 ukiongeza tengo la 400, yaani fedha zilizotengwa kufidia hasara, unapata mikopo yote 10,700. Asilimia 14 ya hiyo, ambayo ndiyo mikopo chechefu, ni takriban 1,498, yaani karibu Shilingi bilioni moja na nusu ziko kwa watu ambao, kwa kanuni ya kawaida, wamechelewa kulipa kwa siku 90 au zaidi. Dhidi ya shimo hilo benki imetenga 400 peke yake. Zinabaki 1,098 ambazo hazijafunikwa na chochote isipokuwa fedha za wanahisa. Zikipotea zote, zile 2,120 zitashuka hadi 1,022. Hesabu hii, ya kuondoa tengo kwenye mikopo chechefu na kulinganisha kinachobaki na fedha za wanahisa, ndiyo ningemfundisha kila mweka amana hata kama hatajifunza nyingine. Inakwambia ni kiasi gani cha ule ukuta wa asilimia 15 ni tofali na ni kiasi gani ni rangi. Kwa benki yenu, zaidi ya nusu ya ukuta uko mikononi mwa wadaiwa sugu.

Ni haki kusema kwamba mikopo chechefu haipotei yote. Ipo mashamba, zipo nyumba, wapo wadhamini. Lakini kumbuka namna ulivyopata fedha za bati: benki ilikubali kiwanja kisicho na hati kwa sababu iliwajua wewe na majirani zako. Huo ndio wema wa benki ya wananchi, na hapohapo ndipo palipo udhaifu wake, kwa maana dhamana ya namna hiyo ni vigumu kuiuza, mnunuzi ni jirani wa mdaiwa, na shauri la ardhi linaweza kuchukua miaka. Isitoshe, wakopaji wote wanaishi chini ya mvua moja. Benki kubwa ikipata hasara kwenye mahindi inaweza kuwa imepata faida kwenye madini, bandari au utalii, lakini ya kwenu mwaka mbaya wa mahindi unamfikia mkulima, mwenye lori, mwenye duka la pembejeo na mwenye nyumba ya kupangisha kwa pamoja. Kwa hiyo kuruka kutoka asilimia 6 hadi 14 ndani ya mwaka mmoja kunanitia wasiwasi kuliko ile 14 yenyewe. Kiwango ambacho Benki Kuu ya Tanzania hukitaja kama kinachovumilika ni asilimia 5.

Sasa tazama kiwango cha pili cha mtaji, ambacho meneja hakukutajia. Mbali na uwiano, benki ya jamii kama yenu inatakiwa kuwa na mtaji wa msingi usiopungua kiasi maalumu cha fedha, nacho ni Shilingi bilioni 2. Benki yenu ina 2,120, maana yake imebakiwa na milioni 120 tu juu ya mstari. Robo iliyopita ilipata hasara ya milioni 85. Robo nyingine mbili za namna hiyo ni milioni 170, na mstari utakuwa umevukwa kabla mkopo mmoja zaidi haujaharibika. Tena mtaji wa msingi hauhesabiwi kama fedha za wanahisa zinavyosomeka gazetini, kwa sababu kanuni zinaondoa baadhi ya vitu, kwa mfano gharama zilizolipwa kabla ya wakati wake. Huenda basi mstari huo umekwisha kuvukwa, na swali hilo ni la kuulizwa kwenye mkutano wa wanahisa, ambako wewe una kiti.

Upungufu wa aina hii ndio uliozimaliza benki alizokutajia binamu yako. Mnamo tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni Covenant Bank for Women, Efatha Bank, Njombe Community Bank, Kagera Farmers' Cooperative Bank na Meru Community Bank, na Mbinga Community Bank ilikuwa imetangulia mwezi Mei 2017. Hapakuwa na wizi wa kutumia silaha wala mfumo wa kompyuta ulioanguka. Zilikuwa benki ambazo mtaji wake haukufikia kiwango kinachotakiwa na ambazo wenye hisa hawakuweza kuongeza. Zote zilikuwa na leseni hadi siku ile. Kwa hiyo jibu la meneja kuhusu leseni ni la kweli lakini halikufikishi mbali: leseni inathibitisha kwamba benki inakaguliwa, na ukaguzi huo ndio unaoweza kuifunga.

Kwa upande mwingine, siyo kila benki dhaifu huishia kwa mfilisi, na binamu yako angepaswa kukueleza hilo pia. Kilimanjaro Cooperative Bank ilipewa miezi sita siku ileile ya Januari 2018 ili iongeze mtaji. Ilinusurika, na leo ni sehemu ya Coop Bank iliyozinduliwa mwaka 2025. Mwanga Community Bank iliungana mwaka 2020 na taasisi nyingine mbili ikazaliwa Mwanga Hakika Bank. Benki ya wananchi inaweza kupona. Mara zote, hata hivyo, dawa ilikuwa moja: mtaji mpya, au mwenzi mwenye mtaji.

Naomba ukae kidogo na jambo hili, kwa sababu linagusa dhamiri yako. Unahisi kwamba kuacha milioni 38 zako ni kuisaidia benki. Mwalimu, amana si mtaji. Amana ni deni ambalo wewe unaidai benki, ukiamini kwamba italilipa. Haizibi hasara hata senti moja. Inaipa benki pumzi ya kulipa wateja wa wiki hii, lakini ugonjwa wa benki yenu haupo kwenye pumzi, upo kwenye mikopo isiyolipwa. Zaidi ya hapo, kwa riba ya asilimia 14.5 benki italazimika kukulipa Shilingi 5,510,000 kwa mwaka badala ya 4,180,000 za sasa. Ikiwa meneja amepita katika nyumba nyingi na ahadi hiyohiyo, na nusu ya amana zote ikapandishwa riba kwa asilimia tatu na nusu, benki inayopata hasara itakuwa imejiongezea gharama ya zaidi ya Shilingi milioni 190 kwa mwaka. Kuziacha fedha zako kwa masharti hayo ni kuongeza mzigo kwa mgonjwa.

Riba hiyo yenyewe ni ishara. Benki hupandisha riba juu sana ya wenzake pale inapopungukiwa na fedha na wakopeshaji wengine wanaposita kuikopesha. Alama nyingine umekwisha kuziona mwenyewe: amana zimepungua kwa asilimia 6 ndani ya mwaka, kutoa fedha kunahitaji taarifa ya siku mbili, na mameneja wamebadilishwa mara mbili ndani ya miaka miwili. Kwenye mizania yapo haya: fedha taslimu, salio katika benki nyingine na dhamana za Serikali kwa pamoja ni 1,930, sawa na asilimia 17.7 ya amana zote, ilhali mikopo yote, kabla ya kuondoa tengo, ni asilimia 98 ya amana. Kanuni ya ukwasi inataka mali zinazogeuka fedha haraka zifikie asilimia 20 ya madeni yanayoweza kudaiwa wakati wowote, na kwa kuwa madeni hayo hayahesabiwi sawasawa na jumla ya amana siwezi kusema kwamba kanuni imevunjwa. Ila naelewa kwa nini anayetaka milioni 3 anaambiwa asubiri.

Nije kwenye bima, maana hapa meneja amekuacha na picha isiyo kamili. Amana zina bima kweli, chini ya Bodi ya Bima ya Amana, lakini kwa kikomo. Kwa miaka mingi kikomo kilikuwa Shilingi 1,500,000, na ndicho kilichotumika benki zile zilipofungwa. Mwaka 2023 kilipandishwa hadi Shilingi 7,500,000. Kikomo hicho ni cha mweka amana mmoja katika benki moja, si cha kila akaunti, kwa hiyo akiba yako na amana yako ya muda maalumu zinajumlishwa. Una Shilingi 40,600,000 pale. Benki ikifungwa, 7,500,000 zitalipwa na Bodi, na 33,100,000, ambazo ni zaidi ya robo tatu ya ulichonacho, zitaingia kwenye foleni ya ufilisi. Hapo mfilisi hukusanya madeni ya benki na kuuza mali zake, kisha hugawa kinachopatikana kadiri kinavyopatikana. Anayesubiri foleni hiyo akiwa na miaka 35 anaweza kuvumilia, lakini wewe una miaka 63. Hisa zako za milioni 2 hazina bima kabisa, na wanahisa hulipwa mwisho, wadai wote wakishamalizika, endapo kuna kilichobaki.

Pima basi biashara unayopewa. Tofauti kati ya asilimia 14.5 na asilimia 9 ya benki kubwa, kwa milioni 38, ni Shilingi 2,090,000 kwa mwaka. Ukiondoa kodi ya zuio ya asilimia 10 zinabaki 1,881,000. Kwa malipo hayo unaombwa ubebe hatari ya milioni 33 kwa miaka miwili. Mfanyabiashara mwenye vyanzo vingine vya mapato angeweza kufikiria. Kwa mtu ambaye fedha hiyo haitatoka mara ya pili, siwezi kushauri.

Umeuliza mimi ningefanya nini. Ningesubiri tarehe 14, kwa sababu kuvunja amana wiki chache kabla ya kuiva kutakugharimu riba, na taarifa hii haionyeshi benki inayoanguka kesho asubuhi kama binamu yako anavyohofia. Hata hivyo ningepeleka barua leo, si siku yenyewe, kueleza kwamba amana isiongezwe muda, maana mikataba mingi ya amana hujiongeza yenyewe mteja asiposema. Ningeagiza Shilingi milioni 34 zihamishwe kwa TISS, yaani mfumo wa Benki Kuu wa kuhamisha fedha kati ya benki, kwenda benki nyingine. Usikubali kubeba fedha taslimu kwenye mfuko, iwe kwa usalama wako au kwa sababu ya macho ya watu. Milioni 4 zingebaki, ambazo pamoja na akiba yako zinakuwa milioni 6.6, chini ya kikomo cha bima na zikiwa na nafasi kidogo ya riba. Kwa namna hiyo unabaki mteja wa benki yako bila kuwa mhanga wake. Hizo milioni 34 nazo usizilaze zote mahali pamoja: sehemu iwe amana katika benki kubwa, na sehemu uiulizie kwenye hati fungani za Serikali, yaani hati za kuikopesha Serikali, ambazo mtu wa kawaida anaweza kununua kwa kuanzia Shilingi milioni 1 na ambazo hulipa riba kila baada ya miezi sita. Tahadhari moja tu ni kwamba hati fungani za miaka mingi si za fedha ya matibabu au ya dharura.

Fedha za chama cha kuzikana zisingoje tarehe 14. Kwa hesabu ya tahadhari, chukulieni kwamba chama kizima ni mweka amana mmoja mwenye kikomo kimoja. Itisha kikao, wasomee tarakimu hizi bila kuongeza chumvi, muhtasari uandikwe, na watia saini wahamishe walau Shilingi milioni 4.5 ili zibaki 6.9. Usifanye uamuzi huo peke yako hata kama una kalamu. Fedha ya msiba ikikwama, atakayeulizwa ni mweka hazina.

Hisa zako ziache. Huwezi kuziuza kwa bei ya maana katika hali hii, na thamani yake kubwa sasa ni kwamba zinakupa sauti. Mkutano mkuu wa wanahisa ndio mahali ambapo unaweza kuisaidia benki kweli, kuliko kwenye dirisha la kuwekea fedha. Waulize wakurugenzi mtaji wa msingi ulikuwa kiasi gani mwisho wa robo, kwa hesabu ya Benki Kuu. Waulize ni mikopo mingapi imepangwa upya mwaka huu, kwa sababu mkopo mbovu ukipangiwa tarehe mpya unaweza kuondoka kwenye ile asilimia 14 bila mdaiwa kulipa shilingi moja. Taka kujua kiasi wanachodaiwa wakurugenzi wenyewe, jamaa zao na kampuni zao, na kiasi wanachodaiwa wakopaji kumi wakubwa. Katika benki ya ukubwa huu watu watatu wanaweza kuiangusha. Kisha soma maoni ya mkaguzi katika hesabu za mwaka, hasa pale anapoeleza iwapo ana shaka na uwezo wa benki kuendelea na shughuli zake. Wakija na mpango wa kuongeza mtaji au kuungana na benki nyingine, wenye tarakimu na tarehe, uunge mkono, hata kama jina mlilolichagua litapotea. Ukitaka kuongeza hisa, ongeza kwa fedha ambayo ikipotea bado utakula.

Kuhusu macho ya watu, tofautisha kunyamaza na kudanganya. Huna wajibu wa kutangaza sokoni kwamba umehamisha fedha, na nakusihi usifanye hivyo, kwa sababu benki yoyote, hata iliyo nzima, hufa kama wateja wote wakidai fedha zao siku moja. Lakini jirani akikuuliza kama aweke fedha zake huko, usimwambie kwamba kila kitu kiko sawa. Mwambie kikomo cha bima ni Shilingi 7,500,000, na mwonyeshe taarifa iliyobandikwa ukutani mwa benki au iliyotoka gazetini. Mweka amana mwenye laki nane hana sababu ya kukimbia, na hao ndio wengi wenu. Wao wakielewa hivyo, benki inapata utulivu ambao ahadi za meneja haziwezi kuuleta.

Barua ya kuagiza amana isiongezwe iandike nakala mbili, na nakala yako igongwe muhuri wa benki na tarehe ya kupokelewa. Ikiwa tarehe 14 itapita na fedha hazijahamishwa, usikubali maelezo ya mdomo: andika malalamiko kwa benki, na usipopata jibu la kuridhisha, chukua nakala yako ya barua, nakala ya malalamiko, mkataba wa amana na kitambulisho chako uende kwenye tawi la Benki Kuu lililo karibu nawe, liwe la Mbeya, Dodoma, Mwanza, Arusha au Mtwara, uombe malalamiko yako yaandikishwe.